Swali la Kumi na Saba

Mwaliko ulikuja kwa simu, maana siku hizi harusi na matanga yote hutufikia kwa simu. Ilikuwa picha yenye maua pembeni na maandishi ya rangi ya dhahabu: Pamela anastaafu ukalimani wa mahakama, sherehe ni nyumbani kwake Nyamasaria, Jumamosi saa tano, karibuni wote. Chini yake mtu alikuwa ametuma picha nyingine ya uwanja ukitayarishwa. Katika umri huu sina haja ya kusema uongo, kwa hiyo nitasema kilichonipata kwanza. Haikuwa furaha, wala hayakuwa majuto. Nilivuta picha kwa vidole nikatazama mahema. Mimi nilipostaafu chuo kikuu nilipewa keki na saa ya ukutani ndani ya chumba cha mikutano, na nusu ya watu waliokuwa mle walikuwa wanangoja tuondoke ili waanze mkutano wao. Na mimi ndiye profesa. Mimi ndiye niliyeitwa Ulaya kueleza habari za wanawake na afya kwa watu waliovaa vitambulisho shingoni. Pamela amefanya kazi maisha yake yote akiwa amesimama kando ya kizimba, akisema maneno ya watu wengine, na leo Nyamasaria nzima inapikiwa pilau kwa ajili yake.

Wanaonijua katika kazi yangu wananijua kwa jambo moja, swali la kumi na saba. Wanafunzi wa utafiti hufundishwa kisa chake: jinsi msaidizi kijana wa Kisumu alivyogundua kwamba ndiyo ya wanawake haikuwa ndiyo, na akaokoa utafiti mzima. Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi, na kila mara watu hutabasamu mahali palepale. Ya wazazi wangu na ya shule nitayaacha, hayana kosa katika haya. Nitasema mwaka ule tu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nilipofanya kazi na Pamela.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga mtaa wa Milimani. Sebule ilibaki na mapazia ya mwenye nyumba, mazito, yenye vumbi, na meza ya kulia chakula ndiyo tuliyofanyia kazi. Fomu zilizojazwa zilihifadhiwa ndani ya hodhi la kuogea, kwa kuwa bafu ndicho chumba pekee kilichokuwa na ufunguo mzima. Mkubwa wetu alikuwa Dakta Marit, mama mrefu wa Kizungu aliyekula parachichi kwa kijiko na kufuta mikono kwa leso ya kitambaa kila baada ya kijiko. Alitaka kujua kwa nini wanawake wengi wa huku walichelewa kufika kliniki, na nani nyumbani alikuwa na neno la mwisho. Aliajiri wasichana wawili, Pamela na mimi. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafsiri hojaji kwa Kiswahili na kwa Dholuo, kwa sababu nilikuwa na alama nzuri kwenye karatasi zangu, na Dakta alipenda karatasi. Katikati ya mwaka alituambia, akiwa amesimama na kikombe cha chai, kwamba ana nafasi moja ya masomo ya ng'ambo, na kwamba atamchukua mmoja wetu mwaka ukiisha. Pamela akasema, "Haya, Konso, anza kununua sweta." Mimi sikucheka.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Manyatta, na pazia katikati. Kitanda chake kilikuwa upande wa dirisha. Hata hilo nilimwonea wivu, ingawa ni mimi niliyechagua upande wa ukuta. Majirani walikuwa wanakuja kwake. Nilikuwa nimelala upande wangu Jumapili mchana, nikisoma, nikawasikia wakinong'ona mambo ambayo sijawahi kuambiwa na mtu yeyote: bwana wa fulani, mimba ya fulani, dawa iliyofichwa ndani ya debe la unga. Pamela alikuwa akisema tu, "Mm. Halafu?" Nikaanza kufanya mazoezi ya ile mm peke yangu. Kwangu ilitoka kama mtu mwenye kikohozi.

Kazini tuligawanywa. Mimi nilipewa upande wa Muhoroni, kwenye miwa, ambako matrekta yalipita yakidondosha mabua barabarani na kila kitu kilinuka sukari iliyoungua. Pamela alipewa upande wa Kisian. Mimi nilirudi jioni na fomu zangu safi, kila kisanduku kimewekwa tiki iliyonyooka. Yeye alirudi na fomu zenye madoa ya mafuta na maandishi pembeni, amefuta hapa, ameandika juu yake, na juu ya hayo alirudi na viazi vitamu, mayai ndani ya gazeti, na siku moja kuku mzima akipiga kelele ndani ya kikapu. Kina mama walimpa. Mimi Muhoroni nilipewa kiti. Nilikuwa najua sababu, maana nilikwenda naye siku moja nikaiona. Alikuwa akiweka fomu chini ya paja, anashika ungo, anachambua omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja na mama wa watu, anacheka, na maswali anayaingiza katikati bila mtu kushtuka. Kisha anajaza fomu baadaye, barabarani, kwa kumbukumbu. Ilikuwa kinyume cha sheria zote tulizofundishwa. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza kama nimeonja viazi.

Sasa swali lenyewe. Kwenye Kiingereza cha Dakta Marit liliulizwa kwa kukanusha, na mimi nikalitafsiri neno kwa neno, nikijiona hodari: Huwezi kwenda kliniki mume asipokubali? Kwa Dholuo, Ok inyal dhi klinik ka chwori ok oyie? Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana. Msomaji wangu ameshaona kosa, kwa sababu yeye ni mtu wa huku. Ukiniuliza, "Hujala?" nami nina njaa, nitakwambia, "Ndiyo, sijala." Nakubali ulichosema. Mzungu mwenye njaa atasema hapana. Kwa hiyo mama wa Muhoroni akisema ee, alikuwa anasema kweli kabisa, siwezi. Dakta Marit akisoma tiki ile, alisoma kwamba mama huyu anaweza, na hamwombi mtu ruhusa.

Aliyeliona hilo ni Pamela. Ilikuwa mwezi wa pili wa kazi, tumekaa Kisian kando ya barabara ya Busia tukila nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kwa mama mmoja aliyeyauza kutoka sufuria nyeusi, na pilipili ya kusaga pembeni.

"Konso, hii swali ya kumi na saba umeipindua," akasema, mdomo umejaa.

"Nimeipindua vipi?"

"Mama nikimuuliza, huwezi kwenda kliniki bwana asipokubali, anasema ee. Hiyo ee ni ya kusema, ni kweli, siwezi. Sasa nikipiga tiki kwa ndiyo, Dakta atasoma huyu mama anaweza. Si tutakuwa tumedanganya?"

"Sheria ni kuandika jibu lilivyotoka mdomoni."

"Mimi naandika vile mama anamaanisha. Mdomo ni yake, hata maana ni yake."

Mama wa nyoyo akacheka akampiga Pamela begani. "Huyu nyako, huyu msichana, amesema," akaniambia mimi. "Wewe unasoma sana."

Nilielewa palepale. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu katika kisa ninachosimulia kwenye mihadhara kuna siku nyingi za kuwaza na kuhangaika. Hakukuwa na siku hata moja. Nilielewa nikiwa na punje za mahindi kinywani. Lakini tafsiri ilikuwa yangu, na aliyeikosoa alikuwa msichana ambaye fomu zake zilinuka samaki, mbele ya muuza chakula, huku akicheka. Nikasema nitaliangalia. Sikuliangalia. Niliendelea kupiga tiki Muhoroni, moja baada ya nyingine, nikijua kila moja inasema kinyume. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekivaa na kukifunga vifungo.

Mambo yakaanza kuharibika kwa uzuri. Dakta Marit alipopanga matokeo aliona kwamba wanawake wa Muhoroni wako huru na wale wa Kisian wamefungwa. Akafurahi mno. Alitembea sebuleni kwa soksi akieleza kwamba ni kwa sababu ya vibarua vya miwa: mwanamke akishika mshahara wake wa kupalilia, neno la mwisho linakuwa lake. Aliandika kurasa nyingi. Alinisifu mbele ya Pamela kwa usafi wa fomu zangu, na Pamela akapiga makofi kwa dhati kabisa, jambo lililoniudhi kuliko kama angenuna. Kisha, kama watafiti wazuri wanavyofanya, Dakta akataka kuhakikisha. Akamtuma Pamela arudie nyumba kadhaa nilizozipitia mimi Muhoroni. Pamela akaenda siku tatu, akarudi na majibu yake, na muwa mrefu ambao mtu alimpa. Majibu ya swali la kumi na saba yalikuwa kinyume cha yangu, nyumba kwa nyumba.

Tuliitwa wote wawili mezani asubuhi ya Ijumaa. Fomu zangu zilikuwa upande mmoja, za Pamela upande wa pili, na hata mtu asiyejua kusoma angechagua zangu. Dakta Marit alisema kwa upole kwamba mmoja wetu amepika majibu. Alishika fomu moja ya Pamela yenye doa akauliza ilijazwa wapi. Pamela akajibu kweli, kwamba aliijaza barabarani, akingoja gari. Akajaribu kueleza kuhusu ile ee. Lakini Kiingereza chake kilimponyoka alipoona anashukiwa, akasema, "Ndiyo yao ni hapana, Dakta," na kwa Kizungu maneno hayo yalisikika kama maungamo. Dakta akanigeukia mimi. Aliniuliza kama mfasiri, kwa Kiingereza, na kwa kukanusha: hakuna tatizo lolote kwenye swali, au sivyo? Nikajibu, "No." Nililijibu sawasawa, kama anavyojibu mtu wa kwao, bila kuteleza. Pamela akanitazama. Hakukasirika wakati ule, alikuwa bado anangoja nimalize sentensi, kana kwamba baada ya neno lile litafuata jingine.

Pamela alifukuzwa kazi, akafungasha mchana uleule. Mimi nilirudi chumbani Manyatta nikamkuta amekunja shuka, na kina mama wawili wa jirani wamekaa kitandani kwake wakimsaidia kufunga masanduku. "Nimeacha mafuta ya taa kwa chupa," Pamela akasema. "Na ile sufuria ndogo ni yako." Nikamuuliza atakwenda wapi. Akasema kuna mtu amemwambia kule mahakamani wanatafuta karani anayejua lugha, atajaribu. Alipoondoka nilihamia upande wa dirisha. Majirani hawakuja tena Jumapili.

Zikapita wiki tatu hivi. Nafasi ya masomo sasa ilikuwa kama yangu, lakini Dakta Marit alikuwa amebaki na Kisian iliyojazwa na mtu asiyemwamini, na kazi haikusonga. Hapo ndipo niliponunua daftari jipya, nikaandika kurasa nne safi juu ya maswali ya kukanusha na majibu ya ndiyo, nikaweka na mifano ya njaa na chakula, nikampelekea. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi. Akaniuliza niligunduaje, nikasema nilikaa nikafikiri. Alinikumbatia, mama wa watu, na akalia kidogo kwa ajili ya nadharia yake ya miwa, ambayo ilikuwa imekufa. Halafu akasema jambo lililonitoa jasho: "Basi Pamela alikuwa sahihi. Lazima arudi." Nikasema nimesikia ameshapata kazi nzuri mahakamani. Sikuwa nimesikia. Nilijua tu kwamba alikwenda kuomba. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilinifikisha uwanja wa ndege, na kule mahakamani wakamwajiri kweli, kana kwamba uongo wangu ndio uliomwandikia barua. Karatasi ya utafiti juu ya swali lile ilichapishwa kwa majina mawili, la Dakta Marit na langu.

Mtu angedhani wivu ungeisha hapo, maana nilikuwa nimechukua kila kitu. Ulikuwa ndio kwanza umepata nguvu. Miaka mingi baadaye nilirudi Kisumu kwa mkutano, nikaingia mahakamani mchana mmoja, eti kutazama. Mama mmoja alishtakiwa kwamba ameiba cherehani ya mwajiri wake. Mwendesha mashtaka akauliza kwa Kiingereza, kwa ile sauti yao ya kutega: hukuichukua hiyo cherehani? Pamela akatafsiri. Mama akajibu, "Ee." Mwendesha mashtaka akaanza kukaa, ametosheka. Pamela akainua mkono kidogo. "Mheshimiwa, anasema ndiyo, hakuichukua. Naomba iandikwe yote." Hakimu akaandika yote. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, na kitambulisho cha mkutano bado shingoni. Nilikuwa nimelibeba jambo lile hadi Ulaya, limeninunulia nyumba na cheo, na sikuweza kutaja mwanamke mmoja aliyerudi nyumbani kwa watoto wake kwa sababu yake. Yeye alilitumia mchana wa kawaida, kisha akafunua ukurasa wa kesi iliyofuata. Nilitoka kabla hajaniona.

Basi nikaenda Nyamasaria ile Jumamosi. Niliamua nitamwambia. Nilivaa kitenge cha heshima, nikapokewa vizuri, nikawekwa hema la mbele. Mahakimu walikuwapo, na askari wa magereza, na kina mama waliosimama mmoja mmoja kusema jinsi Pamela alivyowasemea. Kila aliyesimama alinichoma. Mume wake, mzee mpole mwenye kofia, akaniambia, "Prof, wewe ndiye rafiki ya zamani kabisa. Lazima uongee." Nikasema nitazungumza, lakini kwanza nimsalimie mwenye sherehe. Nilimkuta jikoni, amefunga leso juu ya gauni lake jipya, akionja mchuzi wa samaki mbuta, ingawa wapishi walikuwapo na walimwomba atoke.

"Pam," nikasema, "kuna jambo nataka kukwambia kabla hatujaenda nje."

"Kama ni ya swali ya kumi na saba, ile karatasi nilisoma."

Nikashika mlango.

"Hakimu mmoja alikuwa nayo," akasema, bado anakoroga. "Akaniambia, Pamela, soma hii, inaongea kazi yako. Nilisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikasema, ai, si hii ni kitu yangu? Mara ya pili nilikuwa natafuta jina yangu. Nilienda mpaka mwisho, pale mnashukuru watu. Mmeshukuru chifu. Mmeshukuru kina mama wa Kisian. Mmeshukuru mpaka dereva."

"Ouma," nikasema, kwa upumbavu.

"Ee, Ouma. Alikuwa mtu mzuri."

Wapishi walikuwa wametoka. Nikasema nisamehe, nikasema nilikuwa mtoto, nikasema nilikuonea wivu tangu siku ya kwanza. Akafunika sufuria. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika, na hasira yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyezoea kungoja zamu yake ya kusema.

"Konso, uliniibia mbele ya watu. Sasa msamaha unaniletea jikoni?"

Akanikabidhi sahani ya chapati nipeleke nje, akavua leso, akatangulia. Nilipopewa maiki nilisimama mbele ya mahema yote. Nilisema Pamela alikuwa rafiki mwema na mfanyakazi hodari. Nilisema tulikula nyoyo pamoja Kisian, na watu wakacheka. Niliona maneno yanayofuata, yalikuwa machache tu, na nikaona pia nyuso za wale mahakimu. Nikamtakia maisha marefu. Watu wakapiga makofi. Pamela aliweka mikono yake mapajani, akanitazama kama siku ile ya Ijumaa, akingoja nimalize sentensi. Nikarudi kukaa.

Sentensi ile ninaimaliza hapa, kwenye maandishi, ambapo wasomaji ni wengi kuliko watu wa Nyamasaria. Sikugundua kitu mwaka ule. Niliambiwa, nikanyamaza, nikamwacha aliyeniambia afukuzwe kwa kosa la tafsiri yangu, kisha nikauza alichosema. Aliyegundua ni Pamela Atieno Odera, na jina lake lilistahili kutangulia langu kwenye karatasi ile. Nimeliandika sasa, herufi kwa herufi, na bado naona wivu jinsi linavyopendeza pale.